Masika ya Daktari Mgombea

Mtaa wa Hewa Bora, Zaire, Jumatano, 9 Oktoba 1991

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ikaacha mabati ya mtaa mzima yanatoa mvuke. Watu wamefurahi. Mimi sikufurahi. Mvua ikianza, vitambaa vya Sephora havikauki.

Naandika kwa sababu nimechoka kuyabeba haya kichwani peke yangu. Sephora ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka juzi alishikwa na uchungu wa kuzaa huko Lukafu, barabara imekatika, hakuna gari. Mtoto akafa tumboni, na uzazi ule ukamwachia tundu ndani. Toka hapo mkojo unamtoka wenyewe, mchana na usiku. Mume wake alimrudisha kwetu pamoja na godoro. Mwezi wa tisa Daktari Tolliver alimpasua, akaziba karibu lote. Limebaki tundu dogo. Anasema nyama lazima ipumzike kwanza, kisha baada ya Noeli atamaliza kazi.

"Nakupatia neno yangu, Mbuzi," aliniambia.

Ananiita Mbuzi mbele ya wagonjwa wote, na mimi namwita Chui. Ni Mmarekani, lakini mzee mmoja wa Lukafu aliyepona ngiri mikononi mwake alimpa ukoo wake, ukoo wa Chui. Mimi kwa mama ni wa ukoo wa Mbuzi. Koo hizi mbili ni banungwe, kila mmoja ni nungwe, mtani, wa mwenzake: tunataniana, tunatukanana hadharani, tunazikana. Mmoja akinyakua kitu cha mwenzake, mwenye kitu hana ruhusa ya kukasirika; anakikomboa kwa bei atakayotajiwa, basi. Daktari aliupenda mchezo huu kuliko sisi wenyewe. Mimi kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji, na yeye hupasua, kwa hiyo tumeshinda miaka mingi tukitukanana juu ya matumbo ya watu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Wanajeshi hawajalipwa tena. Kila mtu anasema na hakuna anayefanya kitu.

Jumanne, 22 Oktoba

Wamepora mji.

Walianza jana katikati ya mji, wenye sare mbele na raia nyuma. Jirani yetu Kavugho, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa na depo ya sukari na vitenge. Wamebeba sukari, wamebeba vitenge, wamebeba milango. Amebaki na lori lake tu, kwa kuwa lilikuwa gereji bila magurudumu. Ameketi kwangu tangu asubuhi, halii, anakunywa chai.

Hospitali yetu walifika jana alasiri. Tulikuwa tumemfungua mtu tumbo. Nikasikia vioo, nikasikia Raoul, dereva wetu, anapiga kelele uani, halafu mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Askari watatu. Daktari hakugeuka. Alisema, "Niko napasua muntu hapa."

Yule mkubwa wao akampigia saluti kabisa. "Pasua tu, docteur. Shiye hatugusi muntu. Lampe njo tunabeba."

Wakaibeba taa juu ya kichwa chake. Mimi nilikuwa nimeshika taya ya mgonjwa asikose pumzi. Daktari alishona tumbo kwa mwanga wa dirisha, akinung'unika kwa Kiingereza. Mgonjwa yu hai. Magodoro hayapo, jenereta haipo, mitungi ya kuchemshia vyombo haipo. Hata sinki waling'oa, wakaacha maji yanamwagika.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wanajeshi wa Kifaransa wamekusanya wazungu wote na kuwaondoa. Daktari Tolliver amekwenda nao. Hakuja kuniaga. Raoul ndiye aliyenipa salamu, amesimama mlangoni kofia mkononi kama aliyeleta habari za msiba.

"Alisema, 'Ambia Mbuzi nitarudia huku.'"

"Na Sephora?"

Raoul akavaa kofia yake, akaondoka. Nimekasirika. Nimekasirika sana, naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Vitambaa havijakauka.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Nimetandaza vitambaa juu ya jiko la makaa, kimoja kikaungua. Sephora hanywi maji siku hizi ili asilowe. Nimemgombeza, nikamshikia kikombe mdomoni kama mtoto. Kanywa akilia.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo Mchungaji Paulin, anayeiongoza hospitali yetu, ametukusanya wafanyakazi wote. Amewasiliana na wamishenari kwa redio ya phonie. Daktari Tolliver yuko kwao Amerika, mzima, na anagombea ubunge. Kwa chama cha wahafidhina, watu wa kanisa na utaratibu, wasiotaka serikali iingie katika kila kitu. Uchaguzi ni mwaka ujao.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu anayejua kushona kibofu cha mwanamke anakwenda kushona maneno! Wasemaji hawajapungua duniani. Hapa kwetu tunao wa kutosha, wamejaa Kinshasa kwenye Konferansi ya taifa wakisema tangu Agosti, na sisi tunaogea maji ya mvua.

Sephora aliniuliza kama député, yaani mbunge, hupasua watu. Nikamwambia lala.

Ijumaa, 6 Desemba

Habari zimeenea mtaani. Maman Chola wa nyumba ya kona amekuja na kuku amefungwa miguu.

"Maman Albertine, bananiambia nungwe yako iko député ku Amerika. Ukimuona, umuseme mutoto wangu anatafuta kazi."

"Maman, bado hayakuwa député. Anaomba tu bantu bamuchague."

"Njo ile ile. Atakuwa na magari."

Nilimweleza kwamba kule mgombea huenda nyumba kwa nyumba akigonga milango kama muuza samaki, na akishindwa anarudi nyumbani kwa miguu yake. Maman Chola alinitazama kwa huruma, akaona nimeamua kula peke yangu. Jioni wakaja wengine wawili. Kuku nimemkatalia na kuku amebaki.

Jumatano, 11 Desemba

Kuku ametaga chini ya kitanda cha Sephora. Tumecheka wote wawili, mara ya kwanza tangu uporaji.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya mihogo, na yai. "Baada ya Noeli" inaanza kesho.

Jumatano, 1 Januari 1992

Mvua tangu alfajiri. Sephora hakwenda misani.

Jumanne, 14 Januari

Nilimbana Mchungaji Paulin ofisini hadi akasema yote. Daktari huhutubia makanisani na kwenye kumbi za wakulima. Anawaambia serikali haiwezi kumbeba mtu maisha yake yote. Mtu ajibebe, na jirani amsaidie. Na anawaambia kwamba fedha ambazo nchi yake imetuma Zaire zimewanenepesha wezi, na akichaguliwa hatakubali senti moja zaidi itoke.

"Alisema vile?" nikauliza.

"Alisema vile, maman. Na bantu banasimama, banapiga makofi."

Nimerudi nyumbani nikibishana naye njia nzima, peke yangu, watu wananitazama. Kwamba zimeliwa na wezi, ni kweli, Chui; wezi hao tunawajua kwa majina na magari. Lakini glovu ulizokuwa unavaa zilitoka wapi? Uzi je? Na jirani wa Sephora ni nani ikiwa wewe uko kule? Nusu ya maneno yake ningeyasema mwenyewe. Nusu nyingine ingekuwa mbele yangu ningeipiga kofi.

Kabla sijatoka ofisini, mchungaji alikuwa amesema jambo ambalo alipaswa kulisema kwanza: Daktari anakuja. Mwezi wa pili, siku chache tu, kwa njia ya Zambia, na analeta vifaa vya upasuaji. Anakumbuka alichoahidi.

Sijamwambia Sephora. Naogopa kumpa tumaini halafu nilichukue.

Jumatatu, 20 Januari

Konferansi imefungwa, redio imesema. Nimemwambia Sephora kwamba Daktari anakuja. Alifua vitambaa vyote, hata vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua. Roho juu.

Jumatatu, 17 Februari

Jana Kinshasa Wakristo waliandamana baada ya misa, na misalaba mikononi, wakidai Konferansi ifunguliwe, wakapigwa risasi. Kanisani kwetu leo watu wamepiga magoti bila kusema. Najua haifai kufikiria jambo langu siku kama hii, lakini nililifikiria: mpaka ukifungwa, hatakuja.

Alhamisi, 20 Februari

Amekuja!

Raoul alikwenda kumpokea mpakani Kasumbalesa na walifika wakiwa wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Amenenepa na amekata nywele kama askari. Wauguzi walimkimbilia. Mimi nilibaki mlangoni nimekunja mikono.

"Mbuzi, haunisalimie?"

"Nasalimia bantu benye banaaga bakienda," nikamjibu.

Akacheka, lakini masikio yalimwiva. Ameleta sanduku la uzi, glovu, dawa ya usingizi na taa ndogo ya betri. Alimpima Sephora saa ile ile, kabla hata ya kunywa maji. Tundu ni dogo, nyama imepona vizuri, Jumamosi anampasua, na amemlaza wodini tangu leo. Ndipo nikamwona mtu wa pili. Anaitwa Craig. Ni mtu wa kampeni na ana kamera shingoni.

Ijumaa, 21 Februari

Nitaandika nitakavyoweza.

Asubuhi yote Craig alipiga picha. Daktari mbele ya dirisha lililovunjwa. Daktari pale taa ilipong'olewa, anatazama juu. Daktari ameshika mtoto wa mtu, na mtoto analia, wanarudia hadi anyamaze. Nilivumilia. Nilijua ni za kuwaonyesha wapiga kura kwamba huyu si wa maneno tu, na kweli huyu si wa maneno tu, nani ajuaye kuliko mimi?

Halafu wakaingia wodini. Craig alimwona Sephora kitandani pembeni, akasema kitu kwa Kiingereza kwa furaha, akaanza kusogeza pazia apate mwanga. Sephora akavuta kitenge hadi machoni. Mwili wake wote ulikuwa chini ya kile kitambaa, na chini ya kitanda beseni.

Nikamtazama Daktari. Alikwepa macho yangu. "Photo moya tu, Albertine," alisema kwa sauti ya chini. "Sura yake haitaonekana. Njo itabaonyesha kazi yetu."

Sikuwa nimemsikia akiniita Albertine kwa miaka. Jina hilo ndilo lililoniudhi. Nikamwona jinsi anavyosimama kwenye kumbi zile za wakulima, picha ya mdogo wangu ukutani nyuma yake, na watu wanapiga makofi.

Nikapiga hatua, nikaivua kamera shingoni mwa Craig. Mkanda ukamkwaruza sikio.

"Chui!" nikapaza sauti wodi nzima. "Kintu yako nimekamata! Mbuzi amekamata kintu ya Chui!"

Craig akapiga kelele. Amekuja mji ulioporwa, ameambiwa ashike vitu vyake vizuri, na sasa muuguzi mwenye kofia nyeupe anampora mchana. Alinishika mkono. Wagonjwa wakaanza kucheka, wale wa Lukafu na Kasenga hasa, wanaojua mchezo. Mwanamke mmoja aliyejifungua jana akapiga kigelegele. Raoul alikuja mbio, akaona, akasimama. "Eh! Docteur, hapa hauna tena maneno," akasema. "Ukikasirika, hauko muntu wa ukoo."

Nilicheka na mimi, kwa mdomo. Ndani nilikuwa nakufa. Kwa sababu mchezo huu una nguvu tu kwa anayeukubali. Huyu ni Mmarekani, ana uchaguzi, ana tiketi ya ndege. Angeweza kusema basi, utani umekwisha, nipe kamera, na jioni awe njiani kurudi Zambia. Na Sephora angebaki na tundu lake maisha yake yote kwa ajili ya kiburi changu. Yote hayo niliyaona huku nimeikumbatia ile kamera kifuani.

Daktari alikuwa mwekundu kama nyanya. Craig akamwambia kitu kikali. Daktari akamjibu kwa neno moja, na Craig akaniachia mkono.

Kisha Daktari akaketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu, kikalia. "Sema bei," akasema.

"Sephora unamupasua kesho, kama ulisema."

"Ile iko deni yangu, haiko bei. Sema bei."

"Hakuna photo yake. Hata kitanda yake. Na ile film yote iko mule ndani, toa."

"Yote?"

"Yote. Ulipiga na batoto ya bantu bila kuuliza bamama yabo."

Aliinamisha kichwa. Halafu mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi akafuta macho kwa kiganja. Akanyoosha mkono. Nikampa kamera. Akaifungua mwenyewe, akauvuta ule ukanda mweusi wote nje, mita kwa mita, kwenye mwanga wa dirisha unaofuta picha, akanivisha shingoni kama shada. Wodi nzima ilipiga makofi. Craig alitoka nje na hakurudi.

"Ilikuwa safari mzima mule," Daktari akaniambia baadaye, tukihesabu glovu. "Kule kwetu bapinzani banasema sijakuwaka hapa hata siku moya. Banasema ni hadithi tu ya kuomba kura."

Nilimsogezea sanduku.

Jumamosi, 22 Februari

Amempasua. Nimemlaza mdogo wangu usingizi kwa mikono yangu, na nilipomwambia ahesabu, alihesabu kwa Kibemba kama mama alivyotufundisha. Daktari alishona polepole, ulimi nje kidogo kama kawaida yake. Hatukutaniana. Mrija umewekwa, utatoka baada ya majuma mawili. Mpaka hapo hakuna anayejua kitu.

Jumapili, 23 Februari

Nilidhani Sephora atanishukuru. Nilimletea uji, akausogeza kando, akasema:

"Yaya, dada yangu, juu ya nini haukuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Ile photo. Mi ningeitika."

"Sephora! Wazungu bote bakuone vile?"

"Babone. Miye nilitaka kupona. Docteur angekasirika, angeenda, ungefanya nini? Ungeniambia nini? Ile tundu iko yangu, haiko yako."

Nimekaa na neno lake siku nzima. Nilimtetea mbele ya watu wote na nilisahau kumwangalia usoni. Nilimwomba msamaha, akala uji.

Alhamisi, 27 Februari

Daktari ameondoka. Safari hii aliaga kila mtu, kitanda kwa kitanda, Raoul anapiga honi. Craig alinipa mkono pia, ingawa alibana kamera kwa kwapa.

Nilimwuliza Daktari akishinda atafanya nini kuhusu zile fedha za Zaire. Akasema atafanya alichowaambia watu, kwa sababu ndivyo anavyoamini. Nikamwambia anakosea nusu. Akauliza nusu ipi. Nikamwambia aje tena nitamwonyesha. Hatukupatana, na tulikumbatiana.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Mrija uko safi. Sithubutu kufikiri.

Jumapili, 8 Machi

Jana nilitoa mrija, nikamleta nyumbani. Nilimwambia Sephora alale bila kitambaa, akakataa, nikamwambia hata kitanda kikilowa ni changu. Tulilala chumba kimoja.

Asubuhi alikuwa ameketi kitandani. Alinishika mkono akauweka pale alipolala. Pakavu. Nikapapasa shuka lote kama kipofu, hadi miguuni. Pakavu kote. Kisha akasema, "Yaya, nasikia kukojoa," kwa mshangao, akatoka mbio kwenda chooni uani, kwenye mvua, na nikamsikia anacheka kule ndani peke yake.

Nimelia. Asante Mungu. Na asante Chui, mkaidi wewe. Nimemwambia Mchungaji Paulin amwambie kwa phonie. Alijibiwa kelele tu, halafu kitu kama kilio cha furaha, halafu mawasiliano yakakatika. Sijui kama niombe ashinde uchaguzi wake au ashindwe. Nimeomba awe salama, Mungu atajaza mengine.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua zinapungua. Kavugho amepata magurudumu, anaanza upya: anakwenda Lukafu kununua mahindi, na ameomba Sephora awe mtu wake wa kule, anajua watu na lugha. Nilikuwa na sababu kumi za kukataa. Safari hii nilimwuliza mwenyewe. Alikuwa amekwishafunga mzigo.

Tangu msiba ule wa uzazi, kila alipoketi Sephora, watu walisogea. Hawakusema kitu. Walisogea tu, kanisani, kwenye benchi la hospitali, hata kilioni, na yeye akajizoeza kusimama.

Leo asubuhi alitaka kupanda nyuma juu ya magunia matupu. Kavugho akamfokea kutoka ndani: "Wee, ingia hapa! Kuko nafasi." Sephora akapanda, akapita katikati ya Kavugho na dereva wake, akaketi. Walibanana bega kwa bega, nami nimesimama chini nawatazama kupitia kioo. Lori likaondoka, na hakuna aliyesogea.